Hao wacheza lelemama ndio waliouza kadi za TANU

Juzi kwenye kikao cha harusi stori zikahamia kwenye uhuru, baba mmoja mtu mzima kabisa akasema wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, walikuwa wanachangamsha mikutano tu, waimbe, wapige vigelegele, halafu wenye akili zao wapande jukwaani. Na watu wakaitikia! Nimeondoka pale roho inaniuma.

Kuchangamsha mikutano? Mwaka 1953 serikali ya mkoloni ilitoa waraka kuwakataza watumishi wake kujiunga na siasa. Sasa fikiria Dar ya wakati ule, Mwafrika aliyesoma kidogo alikuwa anafanya kazi wapi, ni karani, yuko bomani, yuko posta. TANU inazaliwa tarehe 7 Julai 1954 na wengi katika hao wenye kalamu wanaogopa hata kuonekana na kadi, maana ukionekana nayo kibarua kimeota nyasi. Nyerere mwenyewe ilibidi aache ualimu wake Pugu mwaka 1955.

Nani alikuwa hana wa kumfukuza kazi? Mama muuza vitumbua. Mama mpika pombe. Mama aliyeachika, ana chumba chake Kariakoo, anajilipia kodi mwenyewe kila mwezi. Huyo mkoloni amtishe na waraka gani?

Na hao akina mama walishajipanga zamani. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, na mji mzima ulikuwa na vikundi vya namna hiyo, vya lelemama na ngoma nyingine za wanawake. Anayevijua anajua vinavyokwenda: kuna kiongozi, kuna anayeshika hela, kuna michango, kuna sare za kanga, kuna wa kupita nyumba kwa nyumba kupeleka taarifa ya shughuli au msiba, na usipotokea utafuatwa mpaka kwako kuulizwa kulikoni. Chama kichanga kama TANU kingevitoa wapi vyote hivyo kwa mwaka mmoja? Kwa hiyo Bibi Titi alipokabidhiwa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU hakuhangaika na mmoja mmoja, aliwafuata viongozi wa ngoma, kiongozi akishakubali anakuja na watu wake wote. Miezi 3 tu, wanawake 5,000 wameshajiandikisha, na hizo si sifa za mjukuu kwa bibi yake, Oscar Kambona ndiye aliyeandika hivyo Oktoba 1955 akiwa katibu mkuu wa chama.

Na wala haikuwa Dar peke yake, Moshi na Mwanza nako wanawake walikuwa na TANU yao.

Haya, UNO, yaani Umoja wa Mataifa, mwaka 1955 alikwenda Nyerere na kazi ile ilimtaka mtu kama yeye, hilo sibishi. Lakini mtu akisimama mbele ya mataifa akasema ametumwa na watu, lazima hao watu wawepo kweli, wana kadi, wanatoa ada, wanakuja Mnazi Mmoja na watoto mgongoni kwenye jua lile. Hao nani aliwaleta?

Yaliyomkuta Bibi Titi baadaye, kesi ya uhaini, kifungo cha maisha, akaachiwa 1972, yanataka makala yake. Leo kuna barabara yenye jina lake na nashukuru. Kinachoniuma ni wale wengine. Kila Desemba 9 tunamtaja yeye mmoja, kana kwamba alizunguka mji mzima kwa miguu yake miwili, na waliokuwa wanagonga milango naye hatuwajui hata kwa majina.

Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1955 sasa hivi ana 90 na zaidi. Kama unaye bibi wa umri huo, Magomeni, Ilala, Tanga, popote, nenda wiki hii na simu yako umrekodi. Muulize kikundi chao cha ngoma kiliitwaje, walikuwa wanakutana nyumba ya nani, na hela za kadi alikuwa anashika nani.