Tanuru la pairolisisi Mtwara: tuulize joto au tuulize mabaki?

Wanaouza mitambo ya kuteketeza taka hatarishi hupenda kuanza na joto. Nyuzi 800, nyuzi 1,000, nyuzi 1,200. Joto hilo ni la kweli na lina kazi yake, sibishi. Ila kwa mikoa ya Mtwara na Lindi, ambako wapo wanaotaka mtambo wa pairolisisi, naona suala la joto ndilo jepesi kuliko yote. Magumu ni mawili: nini kitaingizwa tanuruni, na kitakachobaki kitapelekwa wapi.

Pairolisisi ni kuipasha taka joto kali ndani ya chombo kilichofungwa, hewa isiingie. Taka ikikosa oksijeni haiwaki, inavunjikavunjika. Mchoma mkaa wa Liwale anaijua kazi hiyo hata kama hajawahi kusikia jina lake: anapanga magogo, anafukia kwa majani na udongo, anaacha matundu machache, na mwisho anafukua mkaa badala ya jivu. Kiwandani chombo ni cha chuma, na ule moshi ambao mchoma mkaa anauacha upotee hukusanywa. Sehemu yake hupozwa ikawa mafuta, sehemu hubaki gesi inayochomwa kwenye chumba cha pili ili kuendesha tanuru lenyewe. Chini hubaki chenga nyeusi.

Wanaotaka mtambo huo Kusini wana hoja. Gesi ya Mnazi Bay imeanza kutumika tangu 2006, na utafutaji wa baharini ulioshika kasi kuanzia 2010 uliigeuza bandari ya Mtwara kuwa kituo cha kuhudumia meli za uchorongaji. Kazi za aina hiyo zinazaa matope yenye mafuta, vichujio, matambara na kemikali zilizopitwa na muda. Gereji nazo zina oili chafu, ambayo mara nyingine huishia kupakwa kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa. Hospitali zina zake. Mashamba ya korosho yana vifungashio vya viuatilifu. Kuvisafirisha vyote hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 500, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilituonyesha barabara hiyo ilivyo: ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Sipendi kufikiria lori la matope ya mafuta lililokwama pale mvua ikinyesha.

Halafu kuna hali tuliyonayo sasa, ambayo ndiyo mtambo mpya unatakiwa kulinganishwa nayo. Nenda nyuma ya zahanati nyingi za vijijini utakuta kichomea taka cha matofali, bomba limeota kutu, mlango wa bati haufungi vizuri. Ndani, juu ya majivu, sindano bado zina ncha, na mipira ya dripu imeyeyuka ikashikana kuwa bonge jeusi. Moto ule haukufika hata nusu ya nyuzi zinazotakiwa. Kwingine hakuna hata kichomea, kuna shimo na kiberiti. Anayesema pairolisisi ni hatari aniambie kwanza ni hatari kuliko hicho.

Ikiendeshwa vizuri, ina faida tatu za kweli. Kemikali nyingi za sumu zenye kaboni, kama zile za mafuta, pamoja na vijidudu, hazihimili joto hilo. Gesi inayotoka ni kidogo kuliko moshi wa uchomaji wa kawaida, kwa hiyo kuisafisha si gharama kubwa sana. Na joto la kuwashia tunalo: gesi inasafishwa Madimba, Mtwara, hatuhitaji dizeli ya kuagiza.

Upande wa pili unaanza na klorini. Mipira ya dripu na mifuko ya damu mara nyingi ni PVC, aina ya plastiki, na PVC imejaa klorini. Tanuruni klorini hiyo inakuwa tindikali inayokula chuma. Gesi ikishachomwa na kuachwa ipoe polepole, ikikaa kati ya nyuzi 200 na 450 hivi, dioksini, yaani kemikali za sumu kali zenye klorini, zinaweza kujiunda upya kwenye vumbi, hata kama zile za mwanzo zilishavunjwa kwa nyuzi 1,100. Yaani sumu inatengenezwa kwenye bomba la kutolea moshi, baada ya joto lote lile la kutangazia biashara. Dawa yake inajulikana: ipozwe ghafla, ichujwe, ipimwe. Vyote vitatu vina gharama, na kipimo cha dioksini si cha kila maabara.

Ndiyo maana sikubaliani na maelezo kwamba "hii si uchomaji, kwa hiyo sheria za uchomaji haziihusu". Umoja wa Ulaya, katika maelekezo yake ya 2010 kuhusu viwanda, unaihesabu pairolisisi pamoja na uchomaji ikiwa gesi yake inachomwa bila kusafishwa vya kutosha. Marekani, mamlaka ya mazingira EPA ilipendekeza mwaka 2020 kuitoa pairolisisi kwenye kanuni za uchomaji, na mwaka 2023 ikaliondoa pendekezo hilo. Kama wao hawajamaliza ubishi huo, sisi tusiruhusu jina jipya lifute masharti ya zamani.

Sasa salfa. Hapa ndipo Kusini inapotofautiana na mahali pengine, na sijaona likijadiliwa. Kila msimu salfa ya unga hupulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga, na mifuko mitupu inabaki: inabebewa mkaa, inaanikiwa mabibo, inazibiwa dirisha. Tuseme tumeikusanya yote, na unga wake umo kwenye mikunjo, tukaitia tanuruni. Kwenye moto wa kawaida salfa huwa dioksidi ya salfa, ile harufu kali ya kibiriti. Pasipo oksijeni, pamoja na plastiki yenye haidrojeni nyingi, hutoka haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza na ambayo ikizidi huiua pua kwanza, mtu asinuse tena hatari iliyo mbele yake. Haimaanishi mifuko ya salfa haiwezi kushughulikiwa. Inamaanisha mtambo ulionunuliwa kwa kuangalia taka za hospitali ya Ulaya haufai kupewa mifuko ya Masasi bila kitengo cha kuondoa salfa. Na mfuko uliokung'utwa vizuri shambani huenda usihitaji tanuru kabisa.

Kuhusu mabaki, nasema wazi: hakuna joto linaloua metali. Zebaki inaruka na gesi, risasi na kadimiamu nyingi hubaki kwenye chenga au vumbi. Kadiri taka inavyopungua ujazo, ndivyo metali zinavyokolea. Dampo la Mangamba, hapa Mtwara, ni la taka za mji, si la hizi. Somo la kuweka sumu mahali "kwa muda" tunalo: Vikuge, mkoa wa Pwani, viuatilifu vya msaada vilivyofika miaka ya 1980 viliachwa hadi vikachafua udongo.

Lipo pia jambo la njaa ya tanuru. Mtambo mkubwa unalipa ukifanya kazi mfululizo, na taka hatarishi za mikoa miwili hazitoshi kuulisha. Mwekezaji ataleta za Dar es Salaam, atazitafuta za meli bandarini. Mkataba wa Bamako wa 1991 unazuia taka hatarishi kuingia Afrika kutoka nje, hauzuii lori kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Mtwara ndiko watu walikoandamana na vurugu zikatokea mwaka 2013 kwa sababu waliona gesi inaondoka kwa bomba bila wao kunufaika. Kuwaambia leo kwamba gesi imekwenda Dar na taka za Dar zinakuja huku, kwa kweli, mimi nisingependa kuwa msemaji wa mkutano huo.

Njia mbadala zipo, na kila moja inakula sehemu ya kazi. Taka za kuambukiza nyingi zinamalizwa na otoklevu, mvuke wa nyuzi 121 au 134, kisha zinasagwa. Vipande vya mwamba vinavyotoka kwenye uchorongaji vikiwa na mafuta vinaweza kutolewa mafuta kwa joto la nyuzi mia chache tu. Matanuri ya saruji, na Mtwara tunalo la Dangote, yanaivisha mawe kwa nyuzi kama 1,450 na moto wake hukaribia 2,000, hivyo kitaalamu yanaweza kumeza baadhi ya taka zenye mafuta, mradi kibali kiwepo na klorini iwe kidogo, maana huziba mitambo.

Ukitoa hizo zote, pairolisisi inabakiwa na kazi ndogo lakini halali: matope ya mafuta, matambara na vichujio, vifungashio vilivyosuuzwa mara tatu, dawa chache zilizoisha muda. Kwa hizo ningekubali mtambo mdogo wa kupakia kwa awamu, karibu na bandari, wenye orodha ya taka zinazoruhusiwa iliyobandikwa getini. Mkubwa wa kupokea kila kitu ningeukataa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndiyo inayoipitia. Siku andiko hilo likiletwa, ningeruka kurasa za joto na ajira nikatafuta ule unaoeleza chenga na vumbi la vichujio: tani ngapi kwa mwezi, zinapimwa na nani, zinazikwa wapi, nani analipa mwekezaji akifunga virago. Nikikuta pameandikwa "yatapelekwa sehemu husika", nitalirudisha andiko siku hiyohiyo.