Kisu Kimekuja Ndani ya Plastiki Inayohitaji Kisu

Leo asubuhi nimefungua kisu kwa mkasi. Hebu rudia hiyo sentensi taratibu halafu uniambie kama dunia hii iko sawa. Kisu kipya cha kukunja, kimelala ndani ya ile plastiki ngumu iliyozibwa pembe zote, ile ambayo hata aliyeibuni naamini hajawahi kuifungua mwenyewe, na ili ukitoe unatakiwa uwe na kisu. Sasa mimi ningekuwa na kisu ningenunua kisu cha nini? Nimejaribu kwa ufunguo, nimejaribu kwa meno, mtu mzima, baba wa watoto watatu, natafuna plastiki juu ya sinki kama panya, mwisho nikachukua mkasi wa mke wangu wa kushonea. Habari za huo mkasi tuziache kwanza.

Kimetoka. Nageuza kadi ya nyuma nasoma: kimebuniwa Marekani, chuma cha Uswidi, kimetengenezwa China. Yaani kisu kimezunguka nchi tatu kabla hakijakata hata uzi, na mimi hapa pasipoti yangu imekaa kwenye droo ikisubiri muhuri wa kwanza mpaka ikaisha muda wake. Haya, hiki ni kisu cha wapi?

Swali lenyewe ningeliacha lipite kama wanavyoliacha watu wenye akili timamu, shida ni baba mkwe.

Baba mkwe wangu hanunui kitu, ananunua nchi. Redio anaigeuza tumbo juu, kiatu anakifunua ulimi, mwavuli anausoma mpini mvua ikiwa inanyesha. Siku moja ugenini aligeuza kikombe cha mwenye nyumba atazame chini kimetoka wapi, na kikombe hakikuwa kitupu.

Sasa miezi michache nyuma alikuja kwetu, kukawa na boksi limefungwa kwa kamba na gundi ya utepe, na mimi nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kuonekana mwanaume. Nikachomoa kisu changu mfukoni, tak, kikafunguka. Baba mkwe akanyoosha mkono. "Hebu."

Hebu ya baba mkwe siyo ombi, ni hati ya mahakama. Nikampa. Hakugusa makali, hakufungua wala kufunga aone loki inashika vipi, moja kwa moja akaenda pale shinani kwenye maandishi. Akavaa miwani. Akavua miwani. Akaomba tochi. Halafu akasema kwa ile sauti ya daktari anayekutaka ukae kwanza: "China."

"Ndiyo baba, China."

"Mm."

Ile mm ilikuwa ndefu, ndani yake nilisikia mahari, ajira yangu, na jinsi nilivyoegesha gari.

Kisha akaingiza mkono kwenye koti akatoa kifuko, ndani ya kifuko kitambaa, ndani ya kitambaa kitambaa kingine, na ndani kabisa kisu chake. Solingen, ule mji wa visu kule Ujerumani. Akanisomesha herufi moja moja kwa kidole kama mtoto wa chekechea, S, O, L. Akanieleza kuhusu Wajerumani na uvumilivu wao, mimi nimesimama nimekumbatia boksi, ndiyo baba, ndiyo baba. Halafu akasema sasa nitazame chuma kinavyofanya kazi.

Jamani. Kisu kilipita juu ya ule utepe kama mtu anayempapasa paka. Akapitisha tena. Utepe haujui kama umeguswa.

"Gundi hii mbaya," akasema.

"Ndiyo baba, gundi za siku hizi."

"Imetoka wapi?" Na wallahi akaligeuza boksi chini juu kutafuta nchi ya gundi.

Akahamia kwenye kamba. Kamba ikaanza kutoa manyoya, ikanenepa, haikatiki. Akakandamiza, boksi likabonyea upande mmoja. Jasho likamtoka, na mimi nikawa natazama dari kwa sababu kuna mambo mkwe hatakiwi kuyaona. Mwisho akasema, "Malizia wewe, huu mkono uliniuma tangu jana." Nikachukua kisu changu cha China ambacho nilikuwa nimekinoa Jumamosi, na ninakuapia ile kamba ningeikata mara moja, lakini nikajikaza, nikauma midomo, nikajifanya nasukuma kwa nguvu, nikaguna, nikakata mara tatu kitu cha mara moja. Baba mkwe akatikisa kichwa. "Unaona? Hata chako kinapata taabu. Ni gundi."

Nikamuuliza kwa adabu zote, baba, huwa unakinoa na nini? Akanitazama kama nimemuuliza anaoga na nini.

"Kisu cha Mjerumani hakinolewi."

Na ncha yake ilikuwa imekatika kidogo, kuna rangi ya bluu imegandia pale, ya kopo la rangi. Sikusema kitu.

Usiku ule sikulala, nilisoma kuhusu visu mpaka chaji ikaisha, na chaji unajua inaisha lini, inaisha pale unapokaribia kushinda ubishi. Unajua maneno "Made in Germany" yalianzia wapi? Uingereza! Mwaka 1887 bunge lao lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, kwa sababu mafundi wa Sheffield, mji wao wa visu, walikuwa wanalia kwamba kuna visu vya bei rahisi kutoka Solingen vinapigwa chapa ya Sheffield na kuuzwa kama vya kwao, ndiyo ikaamriwa mali ya kigeni isijifanye ya Kiingereza, iandikwe imetoka wapi. Ilikuwa onyo! Yaani huyo Mjerumani wa vitambaa viwili, wakati ule ndiye alikuwa Mchina wa Ulaya. Na kile kisu cha jeshi la Uswisi ambacho watu wanakishika kama tasbihi, shehena ya kwanza ya modeli ya 1890 ilitengenezwa Solingen, maana kwao hakukuwa na kiwanda cha kuiweza hiyo kazi, mpaka fundi wao Mswisi, Karl Elsener, alipoanza kuwapelekea vya nyumbani mwaka 1891. Laguiole nayo ni kijiji Ufaransa, lakini visu vingi vya jina hilo vinatoka mji mwingine wa hukohuko, Thiers, na vingine havijawahi hata kupita juu ya Ufaransa kwa ndege.

Halafu kuna Spyderco, kampuni ya Marekani, ina visu vya kwao Colorado, vingine Seki Japani, vingine Taichung Taiwan, vingine Maniago Italia, vingine China, na kila kimoja wanakiandika kwao bila kuficha. Sasa ukimpa baba mkwe vyote vitano atapata presha.

Nisiwe mnafiki, nchi ina maana yake. Solingen ina sheria tangu 1938, huwezi kupiga hiyo chapa bila kazi kubwa ya kisu kufanyika hukohuko. Na mimi nimeshaumia pia, nilinunua kimoja kilichoandikwa hakishiki kutu kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni, kikashika kutu kwenye droo. Droo kavu! Lakini kinachofanya kisu kiwe kisu ni moto, bwana. Chuma kinapashwa mpaka kiwe chekundu, kinazimwa ghafla, halafu kinapashwa tena taratibu kwa moto mdogo kipunguze ukakamavu. Ukikosea huku kinavunjika kama glasi, ukikosea kule kinapinda kama kijiko, na chuma ni kilekile, jina lilelile limeandikwa ubavuni. Vile vya Uswisi ugumu wake ni kama 56 kwenye kipimo cha Rockwell, si vigumu hivyo, vinawahi kuwa butu lakini vinanoleka haraka, vingine vinafika 60 vinakaa na makali muda mrefu halafu siku ya kuvinoa unaomba ruhusa kazini. Hayo anayaamua mtu aliyesimama pale kwenye tanuri na bosi aliyesimama nyuma yake, na bosi anayetaka vingi kabla ya jioni yupo nchi zote, nenda popote utamkuta.

Hotuba hiyo yote niliipanga nimwambie baba mkwe. Asubuhi nikamwambia shikamoo baba, akasema marahaba, basi.

Akaondoka na kisu changu. Eti nitakaa nacho kidogo nikichunguze. Chake akaniachia, "kipanguse panguse". Nikakipangusa kwa kinoo jioni nzima, upande wa kukwaruza kwanza kisha upande laini, ncha nikaisugua ikarudi, na kusema ukweli kinachoniuma ni kwamba ni kisu kizuri sana, kilipopata makali kikawa kinachana karatasi bila sauti. Akarudi, akakijaribu, akasema "umeona sasa Mjerumani?", akakifunga kwenye vitambaa vyake akaondoka nacho. Na changu hakurudisha! Wiki iliyopita kwenye kikao cha wazee nikamwona anakichomoa, tak, anakata utepe wa bahasha mara moja, wazee wanakisifia, mmoja anauliza cha wapi hiki. Baba mkwe kidole gumba kimeziba pale shinani. "Mjerumani huyo."

Halafu akanigeukia mimi. "Sivyo?"

"Ndiyo baba."

Ndiyo maana leo nikanunua kingine, ndiyo maana ya plastiki, na ndiyo maana ya mkasi, kwa sababu sasa hivi mke wangu ameingia ameushika huo mkasi hewani, anauliza nani amekatia nini, mbona unatafuna kitambaa badala ya kukata. Nimesema sijui, labda watoto. Akasema huu mkasi alipewa na baba yake, na baba anakuja Jumapili.

Nimeugeuza kwa siri pale kwenye skrubu. Hata sina haja ya kukuambia umeandikwa nini.

Natafuta kinoo. Kinoo hakipo, nimekumbuka alikiazima shemeji, shemeji huyohuyo mwenye ngazi yangu, koleo langu, na chaja aliyosema anaitumia dakika tano tu, mwaka juzi. Nampigia, inaita haipokelewi. Nampigia kwa namba ya mtoto, kapokea, kasikia sauti yangu, mtandao ukaanza kusumbua.