Mwacheni Kijana na Roki Yake

Mzazi wa Nyakato au Igoma, hapa Mwanza, akisikia gitaa linanguruma chumbani kwa mwanaye, na juu yake mtu anapiga mayowe, wazo la kwanza ni kwamba mtoto ameingia kwenye madawa ya kulevya au kwa shetani. Akienda kumuuliza mchungaji, huenda akarudi na hofu mara mbili. Mimi ni muumini, ibada ya Jumapili siikosi, na hofu hiyo naipinga waziwazi. Roki nzito ni kati ya vitu vichache nilivyoona vikimsaidia mtu mwenye hasira au majonzi kuyatoa yaliyo kifuani bila kumdhuru yeyote.

Niliijua baada ya baba kufariki. Mtoto wa kwanza wa kiume hapewi nafasi ya kuomboleza. Jeneza ni lake, turubai ni lake, daftari la michango ni lake, basi la kupeleka watu Magu kuzika ni lake pia. Kila mzee aliyenishika mkono alisema jikaze, sasa wewe ndiye baba. Nikajikaza. Msiba ulipoisha na watu wakatawanyika, usingizi ukanikimbia. Nikawa nafokea watoto kwa sababu ya kikombe kilichoanguka.

Jirani yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake ndiyo pekee mtaani kwetu inayopiga roki badala ya bongo fleva. Alinipa hedifoni zake. "Kaka, sikiliza mpaka mwisho, usikate katikati." Nikakaa kwenye benchi lake, ngoma za miguu zikaenda kasi, mwimbaji akanguruma kutoka tumboni, na kifua kilichokaza tangu makaburini kikaanza kuachia. Nililia pale pale. Grainda ilikuwa inakata chuma, hakuna aliyenisikia wala kunitazama, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya msaada.

Wengi huamini kwamba muziki wa fujo huzaa fujo. Mwaka 2015 watafiti Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walilipima jambo hili. Walichukua mashabiki 39 wa roki kali, wenye umri wa miaka 18 hadi 34, wakawakasirisha kwa makusudi kwa kuwataka wasimulie mambo yaliyowahi kuwaudhi. Kisha wengine wakasikiliza muziki wao kwa dakika 10, na wengine wakakaa kimya muda huo huo. Waliosikiliza hawakuzidi kukasirika. Chuki na msongo vilishuka kama kwa wale waliokaa kimya, na zaidi ya hapo walijisikia wenye ari. Moyo wao, lakini, uliendelea kupiga haraka muziki ulipokuwa unacheza.

Kwangu, hapo kwenye moyo ndipo penye siri. Mtu aliyefura mwili wake uko mbioni, na wimbo wa pole unamtaka atulie kabla hajawa tayari, kama wazee walivyonitaka mimi nijikaze. Roki humkuta pale alipo, ikaenda naye kwa kasi ile ile, na anapotulia anatulia kwa hiari yake. Hao 39 walikuwa tayari wapenzi wa muziki huo, na hilo tulizingatie. Usimlazimishe bibi yako.

Hata asili ya mlio wenyewe ni jeraha. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki nzito ya Black Sabbath, alikuwa kijana wa miaka 17 anayefanya kazi katika kiwanda cha mabati Birmingham, Uingereza, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa vile hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vya kubana nyuzi. Alitengeneza vifuniko vya plastiki kwa kuyeyusha chupa ya sabuni, akavivaa vidoleni, na baadaye akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Nyuzi zilizolegea zikatoa sauti nzito, ya chini, na vizazi vya wapiga gitaa vikamfuata. Fundi wangu aliponisimulia hayo alikuwa ananyoosha kidole chake mwenyewe chenye kovu.

Na sisi wa kanda hii mlio mzito unatushangaza nini? Simama karibu na ngoma kubwa za bugobogobo na utazisikia mbavuni kabla ya masikioni. Wasukuma walilima kwa ngoma hizo, jembe likienda na mdundo, na kila Juni pale Bujora, Kisesa, vikundi vya Wagika na Wagalu bado hushindana kwa ngoma kwenye sherehe za Bulabo. Babu zetu walijua mwili uliochoka unahitaji kishindo. Kwa wengine singeli inafanya kazi hiyo hiyo leo, na sina ugomvi nao.

Kwa waumini wenzangu, nawaomba wafungue Zaburi ya 88. Mwimbaji analia mwanzo hadi mwisho na wimbo unaishia gizani, hauna hata mstari mmoja wa shukrani mwishoni. Aliyeiacha ndani ya Biblia hakuona kwamba kilio kilichokosa faraja ni dhambi.

Najua pia habari za Marekani. Familia za vijana wawili wa Nevada waliojipiga risasi ziliishtaki bendi ya Judas Priest, zikidai kulikuwa na ujumbe uliofichwa ndani ya wimbo. Mwaka 1990 jaji aliamua bendi haina hatia. Uchungu wa wazazi wale naungana nao, lakini muziki ni rahisi kuulaumu kwa sababu unasikika. Kilichomo ndani ya kijana hakisikiki.

Ndiyo maana sisemi kwamba gitaa ni tiba ya sonona. Mtu anayekesha wiki baada ya wiki, anayekataa chakula au anayezungumzia kujiua anahitaji daktari, na hospitali ya Bugando ipo pale mlimani. Mpeleke, na hedifoni zake aende nazo. Sauti nayo isizidi: Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama, na sikio likishaharibika halirudi.

Ninachomwomba mzazi ni kwamba kabla ya kuzima, aombe hedifoni moja. Mwaka huu binti wa shangazi yangu, wa kidato cha tatu, alikuwa hasemi na mtu nyumbani. Nilimuuliza wimbo anaourudiarudia unasema nini. Akanitafsiria mstari mmoja mmoja, akanieleza kwa nini anaupenda, na katikati ya maelezo akataja jambo la shuleni ambalo mama yake hakuwahi kulisikia. Nikamuuliza kama anataka tukamwambie mama pamoja. Akasema ndiyo, tukaenda jikoni.