Tridakna Wako Ana Njaa, Acha Kunionyesha Sifuri

Juzi jamaa yangu kanitumia picha mbili. Ya kwanza ni vipimo vya maji ya tangi lake: nitreti sifuri, fosfeti sifuri, zile chumvi zinazotokana na uchafu wa samaki na chakula. Ya pili ni tridakna wake, yule kombe mkubwa wa baharini mwenye nyama ya rangi, aina ya maxima, wa buluu, aliyemnunua kwa pesa ambayo huku Uingereza ingenilisha mwezi mzima, nyama imepauka na imejikunja, haifiki hata ukingo wa gamba. Chini kaandika: "Kaka, maji ni safi kabisa, sasa huyu ana nini?"

Ana njaa, bwana. Umemfungia jiko, umeficha ufunguo, halafu unauliza kwa nini anakonda.

Hii dini ya sifuri inanichosha. Najua ilikotoka: wafugaji wa matumbawe magumu, wale ambao Acropora yao, tumbawe la matawi, ikibadilika rangi kidogo tu hawalali. Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba fosfeti ikipanda ovyo mwani unavamia mwamba na matumbawe yanapata shida kujenga mifupa yao. Sawa. Lakini kutoka hapo hadi kutia resini ya kuondoa fosfeti, kutia bakteria wa chupa, kuwasha skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu, kubwa kuliko tangi lenyewe, na kulisha samaki wawili kwa kijiko cha chai, hiyo ni safari ndefu, na tridakna ndiye anayelipa nauli.

Muuzaji atakwambia "huyu anaishi kwa taa tu." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Ile nyama ya rangi imejaa mwani wa chembe moja, mwani unatengeneza sukari kwa mwanga, na mwenye nyumba anapata mgawo wake. Nusu ambayo haisemwi dukani ni kwamba mwani nao unahitaji mbolea. Bila naitrojeni hauzaliani, ukipungua nyama inapauka, na hapo hata ukininginiza jua lenyewe juu ya tangi huambulii kitu. Pale Koror, Palau, kwenye kituo cha Micronesian Mariculture Demonstration Center kilichofungua njia ya kufuga tridakna kwa wingi, walijaribu kuwatilia vichanga wa derasa, aina nyingine ya tridakna, naitrojeni makusudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992: waliotiliwa walikua haraka zaidi. Watu wanaowafuga kwa maelfu wanawatilia mbolea, wewe mwenye mmoja sebuleni unailipia pesa iondolewe!

Hapo ndipo jamaa hutoa hoja yake ya mwisho: "Mbona baharini nitreti iko karibu na sifuri, na wanaishi?" Hoja inasikika nzuri mpaka uifikirie. Kwetu Unguja, maji yakitoka bamvua, unawakuta maxima wamejichimbia kwenye mwamba. Mama zetu waliwajua kwa ladha kabla sisi hatujawajua kwa rangi. Sasa angalia maji yanaporudi. Yanarudi na vijidudu, chembechembe, mikojo ya samaki wasiohesabika, na yanapita bila kukoma, usiku na mchana. Kipimo ni kidogo kwa sababu kila kinachofika kinaliwa hapo hapo. Anayepata riziki ndogo kila dakika hafi njaa. Kwenye tangi lako kipimo ni kidogo kwa sababu hakuna kinachofika kabisa. Namba ni ile ile, lakini huyu wa kwako hana kitu mezani.

Na kama ni mdogo, hali ni mbaya zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka huo huo wa 1992, juu ya Tridacna gigas, tridakna mkubwa kuliko wote, ulikuta wadogo wanapata kama asilimia 65 ya kaboni wanayoihitaji kwa kuchuja maji, na wakubwa asilimia 34. Gigas si maxima, najua, msinipigie kelele. Lakini yule kichanga wa sentimita nne uliyemchagua kwa kuwa bei yake ni nafuu ndiye anayehitaji zaidi kitu cha kuchuja, na wewe umemweka kwenye maji ambayo hayana hata vumbi.

Kwangu nitreti inacheza kati ya miligramu 5 na 10 kwa lita, fosfeti inaonekana kwenye kipimo, na sioni haya. Nina samaki wa kutosha na nawalisha washibe, maana mikojo yao ndiyo mbolea ya bei rahisi kuliko zote. Kama resini imo tayari, iondoe kidogo kidogo. Usiitoe yote leo kisha kesho uje kunilaumu kwa mwani.

Namba zenyewe ziache, mtazame mnyama. Weka jicho karibu kabisa na kioo, tafuta ukingo wa juu wa gamba. Anayekua ana mstari mweupe safi, mwembamba, ambao bado haujashikwa na uchafu wala mwani: hilo ni gamba jipya. Mstari ukipotea kwa muda mrefu, kuna tatizo, hata kama nyama bado inang'aa. Kisha pitisha mkono juu ya taa. Ana vijicho vingi vidogo kwenye ukingo wa nyama, na kivuli kikimpita lazima ashtuke na kujivuta. Asiposhtuka, na tundu lake la kuingizia maji limeachama wazi, hapo hali ni mbaya.

Mengine nayapitia haraka. Maxima anataka taa kali na mwamba, squamosa, aina nyingine, anavumilia mwanga wa wastani na anakaa mchangani. Kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, alkali isiyoyumba. Dawa yoyote yenye shaba isikaribie tangi. Usimng'oe mwambani kwa nguvu, kata nyuzi zake za kujishikiza kwa wembe, maana ukizichomoa na mzizi wake umemwua. Usiku shika tochi, kagua chini ya gamba. Vikonokono vyeupe kama punje za mchele vinamnyonya. Samaki malaika na samaki kipepeo wote ni washukiwa, usinidanganye kwamba wa kwako ana tabia njema.

Na ukinunua, dai karatasi. Tridakna wote wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu miaka ya 1980, na wa shambani wanapatikana. Muuzaji akishindwa kukwambia ametoka shamba gani, mwachie mwenyewe amlishe.