Kongamano la wakufunzi rika: nani apelekwe, na akafanye nini?

Tangu 1984, lilipofanyika mara ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Brown, kongamano la kitaifa la wakufunzi rika wa uandishi nchini Marekani limewapa nafasi ya kuwasilisha mada wanafunzi wanaowasaidia wenzao kuandika. Thamani yake wachache wanaipinga. Ubishi katika vituo vya uandishi vya vyuo, wanakofanya kazi wakufunzi hao, ni wa fedha na muda.

Wenye shaka wana hesabu zao. Usajili, nauli na malazi ya wanafunzi wanne vingeweza kulipia saa nyingi za mafunzo kwa kituo kizima. Tena kongamano huangukia muhula wa vuli, zamu zikiwa zimejaa, na wanaobaki hubeba mzigo. Zito zaidi ni hili: anayepelekwa mara nyingi ni wa mwaka wa mwisho, kama shukrani, na baada ya miezi michache anahitimu na kuondoka na alichojifunza. Hilo ni kosa la uteuzi, na dawa yake ipo: apelekwe mzoefu mmoja pamoja na wa mwaka wa pili.

Kwa maoni yetu, faida kubwa hupatikana hata kabla ya safari, katika kuandaa mada. Chukua swali dogo: nani asome rasimu kwa sauti? Mkufunzi akisoma, mwandishi husikia sentensi zake kama msomaji anavyozipokea, lakini huweza kulegea na kumwachia mwenzake kazi. Mwandishi akisoma mwenyewe, hukwama penye kasoro. Ila pia ulimi huweza kusahihisha kimya kimya neno lililokosewa kwenye karatasi, ndiyo maana mkufunzi lazima afuatilie kwa macho. Swali hilo linatosha kabisa kwa dakika 15: tatu za utangulizi, saba za washiriki kulijaribu wawili wawili kwa rasimu ya ukurasa mmoja, tano za mjadala.

Wengi huharibu hapo. Husoma karatasi neno kwa neno, muda unayoyoma, zoezi linafutwa. Wapunguze nadharia, zoezi libaki. Na anayetaka kutumia rekodi za vikao au rasimu za wanafunzi aombe ridhaa zao mapema, na aulize kama kamati ya maadili ya utafiti inahusika. Kibali huweza kuchukua wiki kadhaa.

Kuhusu fedha, utaratibu wa kulipa kwanza na kurejeshewa baadaye unawafungia nje wasio na akiba. Kituo kilipe hoteli na usajili moja kwa moja, na saa za kuwasilisha zihesabiwe kama kazi.

Wakirudi, waliosafiri waliendeshe zoezi lilelile kwa wenzao kwenye kikao cha kwanza cha wakufunzi, wiki hiyohiyo ikiwezekana. Kituo kisichomudu hayo kianze na mkutano wa kanda, unaofikika kwa basi na kurudi siku hiyohiyo.