Sukari Ikishuka Nayo Tuiogope

Hapa Tabora, mtu akigundulika kuwa na kisukari, majirani humshauri upesi aache sukari kwenye chai na badala yake atumie asali, kwa imani kwamba asali ya misitu yetu ya miombo ni dawa isiyo na madhara. Sikubaliani na ushauri huo, kwa sababu asali kwa sehemu kubwa ni glukosi na fruktosi, ambazo ni aina mbili za sukari, nayo hupandisha sukari ya damu vilevile. Hata hivyo, kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hofu yetu yote tumeielekeza kwenye sukari inayopanda, ilhali inayoshuka inaweza kuua ndani ya saa chache.

Kongosho hutoa homoni mbili zinazopingana. Tukishakula ugali au michembe, insulini huiwezesha misuli kuipokea sukari iliyoingia kwenye damu, na ini kuiweka akiba. Usiku, tumbo likiwa tupu, insulini hupungua na glukagoni hulifanya ini liitoe akiba hiyo kidogo kidogo, ili ubongo usikose nguvu. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya ambaye hajala huwa na takriban gramu 5 tu za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho kidogo ndicho kinacholindwa usiku kucha.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, yaani ambaye kongosho lake halitengenezi tena insulini ya kutosha na hivyo hujichoma sindano yake, hana ulinzi huo. Insulini aliyojichoma haipungui hata akichelewa kula au akishinda shambani akilima, na baada ya miaka kadhaa ya ugonjwa hata glukagoni yake huacha kuitikia sukari inaposhuka. Hubaki adrenalini, homoni ya mshtuko, ambayo humtoa jasho jembamba, humtetemesha mikono na kumwendesha moyo mbio. Kisha huanza kuongea maneno yasiyoeleweka, na ni rahisi sana kwa walio karibu kudhani ni malaria au pombe.

Kwa maoni yangu, kliniki isimfundishe mgonjwa peke yake, bali pia anayelala naye nyumba moja. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 4 (mmol/L), hapo asali ndiyo mahali pake: kijiko kimoja cha chakula, kupima tena baada ya dakika 15, kisha chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, kwani kinaweza kumpalia. Akimbizwe hospitali awekewe glukosi kwenye mshipa.