Siku 240 Hazimpi Mtu Kiti Benki

Katika kesi za vibarua wa benki nchini India kuna kosa moja linalorudiwa kila mwaka, na anayelifanya ni kibarua mwenyewe. Mtu amefanya kazi ya tarishi tawini kwa siku 240, ameondolewa, anakwenda kwenye baraza la kazi kudai ajira ya kudumu. Anashindwa, kisha anasema hakimu amehongwa. Mara nyingi hakuna hongo. Aliomba kitu ambacho sheria haikumwahidi, akaacha mezani kile ilichomwahidi.

Sheria ya Migogoro ya Viwanda ya 1947, iliyotawala sehemu kubwa ya kesi hizi hadi ilipofutwa Novemba 2025, ilisema hivi: aliyefanya kazi siku 240 ndani ya miezi 12 kabla ya kuondolewa huhesabiwa kuwa ametumikia mwaka mzima mfululizo. Hicho ni kifungu cha 25B. Kifungu cha 25F kinafuata: mtu wa namna hiyo hapunguzwi kazini bila notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, pamoja na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Tafuta neno "kudumu" humo, hulipati. Msomaji wa Kenya aliyezoea kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007, kinachombadilisha kibarua kuwa mwajiriwa wa mkataba baada ya muda fulani, asidhani India iko vivyo hivyo. Siku 240 zinamlinda mtu asitupwe ovyo, basi.

Hata hivyo ulinzi huo si haba, ukijua kuhesabu. Mwaka 1976, katika kesi ya State Bank of India dhidi ya N. Sundara Money, karani wa fedha alikuwa akiitwa na kuachwa, akaitwa tena. Barua yake ya mwisho ilikuwa ya siku tisa tu, na ilisema kazi itakoma yenyewe siku zikiisha. Jaji Krishna Iyer aliona kwamba kukoma huko nako ni kupunguzwa kazi, kwa hiyo kifungu cha 25F kinahusika. Mwaka 1984 Bunge likaingiza kifungu kidogo cha 2(oo)(bb), kinachoondoa kwenye maana ya kupunguzwa kazi mkataba wa muda uliofika mwisho bila kuongezwa. Wakili anayeisoma kesi ya 1976 bila kusoma marekebisho ya 1984 anampotosha mteja wake.

Kuhesabu kwenyewe kuna ufundi. Unaanzia siku ya kuondolewa, unarudi nyuma miezi 12. Hutafuti mwaka mzuri kuliko yote katika maisha ya mtu. Jumapili na sikukuu zilizolipwa zinaingia. Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1985 katika kesi iliyoihusu benki ya American Express. Kwa hiyo aliyefika tawini siku 208 na kulipwa Jumapili 34 ana siku 242, ameshavuka. Lakini aliyekuwa akilipwa kwa siku aliyofika tu hana Jumapili za kuongeza, na hapo ndipo wengi wanaishia kwenye 215 au 220. Likizo ya malipo inahesabiwa, na likizo ya uzazi isiyozidi wiki 12 pia.

Sasa tuje kwenye orodha. Vidonda vingi vilianzia huko.

Tarehe 17 Novemba 1987 State Bank of India ilitia saini makubaliano na shirikisho la wafanyakazi wake ili waliowahi kuwa vibarua wapate nafasi ya kusailiwa kwa ajira ya kudumu. Waligawanywa mafungu matatu, siku zikihesabiwa kuanzia 1 Julai 1975. Fungu A lilikuwa la waliotimiza siku 240 ndani ya miezi 12 au pungufu. Fungu B, jumla ya siku 270 ndani ya miezi 36 mfululizo. Fungu C, siku 30 tu katika mwaka mmoja wa kalenda, au siku 70 ndani ya miezi 36. Waliofaulu usaili waliwekwa kwenye orodha, na nafasi zikipatikana wanachukuliwa kwanza wa A, halafu B, halafu C. Makubaliano yalirekebishwa mara kadhaa. Mwishowe orodha zikafikia ukomo tarehe 31 Machi 1997, na ambaye zamu yake haikufika akabaki na karatasi.

Kwa maoni yangu fungu C ndilo lililoharibu mambo. Kumwingiza mtu wa siku 30 kwenye foleni moja na mtu wa siku 240, hata kama anakaa nyuma, ni kurefusha foleni kupita viti vilivyopo na kuwapa matumaini watu ambao hesabu ilionyesha mapema kwamba hawatafikiwa. Chama kilipata idadi kubwa ya kutangaza. Benki ilipata miaka kumi ya utulivu. Aliyepoteza zaidi ni mtu wa fungu A, maana huyo tayari alikuwa na haki yake ya 25F mkononi. Alipopanga foleni aliiacha ile haki ilale, na orodha ilipokufa dai lake la awali lilikuwa limeshachakaa.

Kesi zilizofuata zilijengwa juu ya hoja dhaifu: nimo kwenye orodha, kwa hiyo kiti ni changu. Mahakama ya Juu ilishaijibu hoja hiyo mwaka 1991 katika kesi ya Shankarsan Dash. Jina kuwa kwenye orodha ya waliofaulu halimpi mtu haki ya kuajiriwa. Mwajiri anaweza kuziacha nafasi wazi, mradi asifanye hivyo kwa upendeleo au hila. Penye hila kuna kesi. Basi kinachotafutwa ni ushahidi kwamba wa chini kwenye orodha alichukuliwa ukarukwa, au kwamba nafasi ilijazwa na mtu wa nje ilhali orodha bado hai. Bila jina, tawi na tarehe ya huyo aliyechukuliwa, hakuna cha kujadili.

Ushahidi wa siku ndio mzigo mzito kuliko yote, na hapa simwoni kibarua kuwa na kosa. Mwaka 2002, katika kesi ya Hadimani, mahakama ilisema anayedai siku 240 ndiye anayethibitisha, na kiapo chake peke yake hakitoshi. Msimamo huo ulitumika pia katika kesi ya Reserve Bank of India dhidi ya S. Mani mwaka 2005. Lakini daftari la mahudhurio liko kwa nani? Vocha za malipo ziko kwa nani? Kibarua wa tawi hapewi barua wala hati ya mshahara. Analipwa kutoka fungu la matumizi madogo, anasaini, karatasi inabaki benki. Halafu anaambiwa alete karatasi.

Ahueni ilitoka katika kesi ya Yellatti, mwaka huohuo wa 2005. Kibarua akipanda kizimbani, akaeleza siku zake, na akaliomba baraza liamuru mwajiri alete kumbukumbu, mwajiri akikataa bila sababu baraza linaweza kuamua kwamba kilichofichwa ni kile kibarua anachosema. Linaweza, halilazimiki. Ombi lenyewe lazima liandikwe, litaje tawi, miezi, na aina ya vocha. "Benki ilete nyaraka zote" ni ombi linalokataliwa, na ni haki likataliwe.

Halafu kuna kesi ya Umadevi, 10 Aprili 2006, majaji watano. Aliyeingia utumishi wa umma bila ushindani wa wazi hapati ajira ya kudumu kwa sababu tu amekaa. Waliachiwa tundu dogo: kwa mara moja, waliotumikia miaka 10 au zaidi bila kukingwa na amri ya mahakama, kwenye nafasi zilizoidhinishwa, wakiwa na sifa, na ambao kasoro ya uajiri wao ni ya utaratibu tu. Kibarua wa benki hupitia humo kwa shida, kwa kuwa meneja wa tawi alimwita kwa mdomo na nafasi yenyewe haikuwa kwenye ikama. Desemba 2024, katika kesi ya Jaggo iliyohusu wasafishaji na mtunza bustani wa tume ya maji, mahakama ilizikemea ofisi zinazoifanya Umadevi kuwa rungu la kuwapigia watu wa miaka mingi. Inasaidia kwa mtu wa miaka 15. Kwa mtu wa siku 240 haisaidii kitu.

Kinachosahaulika ni kifungu cha 25H. Mwajiri akitaka kuajiri tena, aliyepunguzwa apewe nafasi ya kwanza. Kesi ya Central Bank of India dhidi ya S. Satyam, mwaka 1996, ilisema haki hii ni ya kila aliyepunguzwa, hata asiyefikisha siku 240. Kanuni ya 78, katika kanuni za sheria hiyo, ilitaka nafasi zibandikwe siku 10 kabla na taarifa itumwe kwa posta ya rejista. Ni dai jepesi kuthibitisha kuliko siku zenyewe: ama bahasha ilitumwa ama haikutumwa. Ila walalamikaji katika kesi hiyohiyo waliondoka mikono mitupu kwa kuchelewa, kwani viti vilikuwa vimeshakaliwa na wengine. Chini ya sheria hiyo, tangu 2010 aliyeachishwa aliweza kulifikia baraza moja kwa moja siku 45 baada ya kupeleka shauri kwa msuluhishi, ndani ya miaka mitatu.

Kwa hiyo hati ya madai ningeipanga hivi: kwanza kubatilisha kuondolewa kwa kukiuka 25F, likishindikana, fidia ya mkupuo, ambayo ndiyo mabaraza hutoa mara nyingi siku hizi, likishindikana na hilo, nafasi ya kwanza chini ya 25H. Ajira ya kudumu iwe ya mwisho, na isiandikwe kabisa kama hakuna nafasi iliyoidhinishwa ya kuonyesha.

Na kabla ya yote, liangaliwe jina la aliyelipa. Likiwa la kampuni ya wakala, shauri linahamia kwenye uamuzi wa 2001 wa Steel Authority of India: kwanza uthibitishe kwamba mkataba wa wakala ni kiini macho na mwajiri halisi ni benki, ndipo siku zianze kuhesabiwa.